Malezi ya Watoto wa Shule na Jamaa Zao: Tangu Misioni ya Pugu hata Kilima cha Wazo

Katika kuadhimisha Jubilei, desturi yetu ni kuhesabu makanisa yaliyojengwa, mapadre waliopewa daraja na watu waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, wala hatuzidharau. Lakini iko kazi nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya ubatizo, nayo ni kumshika mkono mtoto wa shule aliyepatwa na shida, na kuwaendea wazazi wake nyumbani. Makala hii yataka kueleza historia ya kazi hiyo katika nchi yetu ya pwani, ipate kujulikana imetoka wapi na imebakiza nini.

Kabla ya Wamisionari kufika, Wazaramo walikuwa na walezi wao. Mvulana aliingia jandoni chini ya nyakanga. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akaitwa mwali, akapewa kungwi wa kumfundisha. Kungwi hakuwa mama mzazi, na faida yake ilikuwa hiyo hasa: mtoto alipata mtu mzima wa pili wa kumwambia neno asiloweza kumwambia mamaye. Wajomba na mashangazi nao walikuwa na haki ya kuingia kati nyumba ilipoharibika. Basi tusidhani kwamba mashauri yaliletwa na merikebu.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo kutoka Unguja, wakaanza kuwapokea watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwatetea. Kwa hiyo misioni ikawa ndiyo jamaa yao. Iliwalisha, ikawafundisha kusoma, kulima na useremala. Nao walipokua waliozwa wao kwa wao, wakakalishwa katika vijiji vya Kikristo. Hata mwaka 1888 Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifika Dar es Salaam, wakajenga misioni ya Pugu, nao pia wakawatunza waliokombolewa. Kazi hiyo ilitolewa kwa damu. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, Pugu ilishambuliwa, na Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing wakauawa.

Yatupasa kuwaheshimu marehemu hao, na heshima ya kweli haifichi mambo. Kwa mtoto aliyeporwa kwao asijue hata kijiji chake, kumweka misioni lilikuwa jambo la lazima. Lakini lazima ile iligeuka kuwa mazoea. Watu wakazoea kufikiri kwamba mtoto huokolewa kwa kutengwa na nyumba yake, hata mtoto mwenye wazazi na ukoo mzima. Nyumba ikaonekana kuwa ndiyo hatari, na shule ndiyo kimbilio. Alipofunga mlango wa bweni, mlezi aliona kazi imekwisha, kumbe mtoto ataurudia ugomvi ule ule wakati wa likizo.

Walikuwako walioona njia nyingine. Huko Masasi, Vincent Lucas wa Misioni ya Kianglikana, aliyekuwa Askofu tangu 1926 hata 1944, hakulipiga marufuku jando. Aliliingiza katika maisha ya Kanisa, akawaacha wazee wa Kikristo wawafundishe vijana wao wenyewe. Si watu wote waliokubaliana naye, lakini alifahamu neno moja kubwa: ukimwondoa mlezi wa zamani, huna budi kuweka mwingine mahali pake, la sivyo mtoto hubaki bila wa kumwambia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Serikali ya Waingereza ilianzisha Idara ya Ustawi wa Jamii, na moja ya shabaha zake za kwanza ilikuwa kuwasaidia askari waliorudi kutoka vitani. Baada ya Uhuru kazi ilipanuka. Kwa Sheria namba 26 ya mwaka 1973 kiliundwa chuo cha kuwafundisha maofisa wa ustawi, ambacho leo ni Chuo cha Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Katika miaka hiyo hiyo shule nazo ziligeuka. Mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule za misioni zilizokuwa zikipata msaada wake, na mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, taifa liliazimia kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi. Hayo yalikuwa mema makubwa, kwani mlango ulifunguliwa kwa mtoto wa kila dini. Lakini padre au sista aliyekuwa akimjua mwanafunzi darasani na kwao nyumbani hakuwa tena na nafasi ile, na mwalimu alikabidhiwa watoto wengi mno asiweze kujua kila mmoja amelala wapi.

Sasa tuje Wazo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi katika kilima hicho mwaka 1966, kwa sababu ya mawe ya chokaa yaliyoko. Kazi ikavuta watu, na watu wakavuta watu, hata sehemu za Tegeta, Boko na Bunju, zilizokuwa shamba, zikawa mji. Waliohamia walitoka mikoa mingi. Mjomba yuko Songea, shangazi yuko Kigoma. Wapangaji hukaa ukuta kwa ukuta wasijuane kwa ukoo. Baba huondoka alfajiri kwenda mjini, akarudi watoto wamelala. Mtoto wa nyumba kama hiyo hana kungwi, wala hana mjomba.

Tena Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliingia bonde la Msimbazi, watu wapatao 40 wakafa. Mwaka 2012 jamaa nyingi zilihamishiwa Mabwepande, jirani ya Bunju, zikapewa viwanja na mahema. Hapo ilionekana wazi kwamba kumpa mtu kiwanja si kumrudishia yote aliyopoteza. Mtoto aliyehamishwa ameachana na shule yake, na rafiki zake, na jirani aliyekuwa akimwangalia mama akiwa sokoni.

Taifa halikukaa kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliwapa halmashauri na maofisa wa ustawi wajibu wa kumlinda mtoto. Uchunguzi uliofanywa mwaka huo huo na kutangazwa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika 10, na mvulana 1 katika 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Yakawekwa pia madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na simu namba 116 ya kuwasaidia watoto. Na mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu msichana aliyeacha shule kwa sababu ya uzazi arudi darasani.

Na Kanisa je? Mwaka 1976 Maaskofu wa Afrika ya Mashariki waliazimia kwamba Jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa kazi yao ya uchungaji. Jumuiya hukutana nyumbani, hujua nani ni mgonjwa na nani hakupika jana. Yaweza kuwa ndiyo mjomba na shangazi wa mji mpya. Lakini ina hatari mbili. Ya kwanza ni ulimi: siri ya mtoto ikisemwa mbele ya watu kumi na wawili chini ya jina la sala, mtoto hatasema tena. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kuyamaliza mambo kijamaa. Mtoto akiharibiwa, kisha wazee wakapatana kwa fedha au kwa kuombana radhi, hiyo si amani ya Kikristo, bali ni kumuuza mtoto mara ya pili. Neno hilo ni la ofisa wa ustawi na la polisi, wala jumuiya haina ruhusa ya kulizuia. Kazi ya jumuiya ni kumsindikiza mama hadi ofisini, kurudi naye, na kuendelea kubisha hodi kwake wiki zinazofuata.

Wazee wetu wa Pugu walimpokea mtoto asiye na jamaa. Sisi twaombwa kumsaidia mtoto pamoja na jamaa yake, ili nyumba yenyewe ipone. Mwalimu ataona machozi darasani, ofisa ana sheria mkononi, na jirani ndiye aliye karibu na mlango. Hao watatu wakijuana kwa majina, mtoto wa Wazo atakuwa na mtu wa kumwambia. Mwenyezi Mungu, aliye Baba wa yatima, aibariki kazi hii katika miaka inayokuja.