Matuta ya Uluguru na Sherehe za Uhuru
Kila ifikapo tarehe 9 Desemba, mji wa Morogoro huikumbuka siku ile ya mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru. Bendera hupepea mjini, chini ya milima ya Uluguru. Lakini sehemu ya habari yenyewe imo huko juu milimani. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi udongo duni wa chini uliletwa juu, mazao yakadhoofu. Mwezi Julai 1955 wakulima walipinga hadharani huko Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Jembe lilikataa kabla bendera haijapanda. Sherehe isiyomtaja mkulima huyo huianza hadithi katikati.