Hekima na Raha ya Mtu Mmoja

Tangu zamani wanadamu wametafuta raha, na tangu zamani wamewaendea wenye hekima kuwauliza njia yake. Siku hizi njia hiyo huuzwa. Katika maduka ya vitabu ya Nairobi, mjini na katika mitaa ya magharibi kama Lavington, vimo vitabu vingi vimwahidivyo msomaji furaha, na aghalabu maneno yake yametwaliwa kwa wanafalsafa wa kale. Yafaa tuitazame historia ya maneno hayo, tupate kujua kilichochukuliwa na kilichoachwa.

Yapata mwaka 300 K.K., Zeno alianza kufundisha mjini Athens katika baraza lililopambwa kwa picha, na wafuasi wake wakaitwa Wastoiki. Mmoja wao, Epictetus, alizaliwa mtumwa katika karne ya kwanza B.K. Alipopata uhuru alifundisha Roma, hata Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis katika nchi ya Wayunani na kufungua shule. Alifundisha kwamba yapo mambo yaliyo katika uwezo wetu, kama nia na maamuzi yetu, na yapo yasiyokuwamo, kama mali na sifa. Wala mtu asifadhaike kwa haya ya pili. Walakini hakukoma hapo. Alifundisha pia wajibu wa mtu akiwa mwana, ndugu, jirani na raia.

Mwaka 1859 Samuel Smiles alitoa mjini London kitabu chake Self-Help, kilichosifu juhudi ya mtu binafsi. Vitabu vya namna hiyo viliongezeka, hasa Marekani. Wastoiki walipoingizwa humo, aghalabu funzo la kwanza la Epictetus lilibaki, na la pili likaachwa.

Hasara ya jambo hili yaonekana Lavington, mtaa unaopakana na Kawangware. Upande mmoja zimo nyumba zenye bustani pana. Upande wa pili jamaa nyingi hukaa katika chumba kimoja cha mabati, na maji hununuliwa kwa mtungi. Mwambie mwenye bustani kwamba furaha imo moyoni mwake, naye hatapungukiwa na kitu. Mwambie hivyo mama aliyekosa fedha ya maji, na neno lile lile lawa njia ya kumnyamazisha.

Nairobi yenyewe ilipata mtu wa kutusaidia katika swali hili. Henry Odera Oruka (1944–1995), mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alizungumza na wazee wenye hekima, na mwaka 1990 kikatoka kitabu chake Sage Philosophy. Aliwagawa wazee makundi mawili: wale wanaohifadhi na kukariri semi za jamii zao, na wale wanaozipima semi hizo kwa akili zao. Mzee Paul Mbuya Akoko alikuwa wa kundi la pili. Wengi husema kwamba watu wa kale waligawana mali yote. Mbuya alieleza kwamba mwenye ng'ombe wengi alikabidhi baadhi yao kwa wasio nao ili wawatunze, bila kuwapa kabisa, na hivyo nao wakapata maziwa. Oruka mwenyewe alitetea kwamba kila mwanadamu ana haki ya kiasi cha chini cha maisha: usalama wa mwili, afya na riziki. Asiyekuwa na hayo hawezi kutimiza wajibu wake kama mtu mwenye akili na hiari.

Basi, kijana msomaji, upewapo usemi wa hekima, upime kama alivyofanya Mbuya. Uliza umesemwa na nani, umesemwa kwa ajili ya nani, na jirani yako yumo au ameachwa nje. Funzo la Epictetus litakutuliza siku utakaposhindwa katika jambo ulilolitenda kwa bidii, ulishike. Lakini usikubali litumiwe kumwambia mwenye kiu kwamba kiu yake ni mawazo tu.