Mashine ya kupasulia mbao inayohamishika

Mashine ya kupasulia mbao inayohamishika ni kiwanda kidogo cha mbao kinachoyafuata magogo mahali yalipoangushwa. Huvutwa na gari au trekta, nyingine hubebwa vipande vipande mabegani hadi msituni, na watu wawili hadi wanne hutosha kuiendesha. Kazi yake kubwa ni kupasua kwa malipo: mwenye miti hubaki na mbao zake, mwenye mashine hulipwa kwa kazi aliyofanya. Nchini Tanzania mashine hizi zimeenea zaidi Nyanda za Juu Kusini, Mufindi, Njombe na Makete, penye misindano na mikaratusi ya kupandwa. Huko ndiko liliko shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na kando yake maelfu ya wanavijiji wana mashamba yao madogo. Nchini Kenya, serikali iliposimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, umuhimu wa miti ya mashambani ulionekana wazi zaidi, na miti ya aina hiyo, iliyotawanyika mmoja hapa na mitatu kule, ndiyo hasa inayohitaji mashine ya kuhama.

Kabla ya mashine, mbao zilipasuliwa shimoni. Gogo liliwekwa juu ya shimo au jukwaa, mtu mmoja akasimama juu, mwingine chini, wakavutana msumeno mrefu kutwa nzima. Kazi ilikuwa ya jasho, lakini wapasuaji hodari walitoa mbao zilizonyooka. Msumeno wa mnyororo ulipoingia, kasi iliongezeka na ubora ukashuka. Ukiongozwa kwa mkono mtupu hutoa ubao mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na mnyororo wake hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa pumba.

Aina

Inayoonekana zaidi Nyanda za Juu Kusini ni ile inayoitwa dingidongi: msumeno wa duara unaozungushwa na injini ya dizeli kwenye fremu ya chuma, gogo likisukumwa kuelekea msumeno kwa mikono ya watu. Bei yake ni nafuu, fundi wa chuma wa mjini huweza kuitengeneza, na vipuri vyake hupatikana. Kwa sababu hizo imewapa kazi vijana wengi, na haifai kubezwa. Hata hivyo njia ya msumeno wake ni pana, na mara nyingi msumeno wenyewe hauna kinga.

Aina ya pili ina msumeno wa duara unaogeuka kutoka wima hadi mlalo. Gogo hutulia chini, kichwa cha mashine hupita juu yake kwenye reli na kutoa ubao mmoja kwa mikato miwili. Lucas Mill ya Australia na Peterson ya New Zealand zinajulikana kwa mfumo huu. Hufaa sana kwa gogo nene lililo bondeni, lisiloweza kuvutwa wala kugeuzwa.

Ya tatu ni ya msumeno wa mkanda, utepe mwembamba wa chuma wenye meno, unaozunguka magurudumu mawili. Kampuni ya Wood-Mizer ya Indianapolis, Marekani, ilianza kuuza mashine zake za aina hii mwaka 1982, na tangu hapo mfano huo umeigwa duniani kote. Makala haya yanaishughulikia zaidi aina hii, kwa kuwa ndiyo inayookoa mbao nyingi na ndiyo inayomwadhibu haraka asiyejua kuitunza.

Upana wa njia ya msumeno

Msumeno wa mkanda huacha njia ya milimita 2 hadi 3, na wa duara milimita 6 hadi 8 au zaidi. Ukipita mara nane kwa milimita 3, umepoteza milimita 24, yaani karibu ubao mmoja wa inchi moja. Msumeno wa milimita 8 hupoteza ubao huohuo kwa kupita mara tatu tu.

Chukua gogo lililonyooka, lenye kipenyo cha sentimita 30 ncha nyembamba, na mteja anayetaka mbao za mbili kwa nne zenye kipimo kamili cha milimita 50 kwa 100. Kwa njia ya milimita 3, safu nne zenye mbao mbili mbili zinahitaji pande la milimita 209 kwa 203, ambalo kona hadi kona lina milimita 291. Linaingia ndani ya gogo, na pembeni bado zinapatikana mbao za inchi moja. Kwa njia ya milimita 8, pande lilelile linakuwa 224 kwa 208, na kona hadi kona ni milimita 306. Haliingii tena. Mpasuaji atapunguza safu au atatoa mbao zenye gome kwenye kona. Mti uliochukua zaidi ya miaka kumi kukua unapungua thamani hivyo kwa milimita tano, mbele ya macho ya aliyeupanda.

Bledi

Uhai wa mashine ya mkanda uko kwenye bledi, yaani ule utepe wenye meno. Injini ikisumbua, kazi husimama na kila mtu anaona. Bledi ikisumbua, kazi huendelea, na hasara hupangwa vizuri kwenye rundo la mbao.

Bledi ya kawaida ina upana wa milimita 32 au 38, unene wa milimita moja hivi, na meno yaliyoachana takriban milimita 22. Meno huinama mbele kwa pembe: nyuzi 10 ni za kawaida kwa mbao laini kama msindano, na kwa mbao ngumu au zenye mafundo mengi hutumika pembe ndogo zaidi, hata nyuzi 4. Meno pia husetiwa, yaani hupindwa kidogo kulia na kushoto, takriban nusu milimita kila upande, ili mgongo wa bledi usisuguane na gogo.

Bledi kali hufanya kazi saa moja au mbili hivi, kisha hutolewa. Hapo ndipo wengi hukosea. Bledi iliyoanza kuwa butu bado inakata, kwa hiyo mwendeshaji huendelea, akiisukuma kwa nguvu zaidi. Nyufa ndogo zisizoonekana hujitokeza kwenye mabonde ya meno, na bledi hukatika kabla ya kunolewa hata mara chache. Anayeitoa mapema huinoa kwa kuondoa chuma kidogo sana, na bledi yake hurudi kazini mara nyingi. Kinoo lazima kipite kwenye bonde lote la jino, maana ndiko nyufa zinakoanzia. Kunoa ncha tu kwa tupa kunatosha kumalizia siku, hakutoshi kuwa utaratibu.

Ubao wenye mawimbi ni malalamiko ya kila mteja, na sababu zake zinajulikana: bledi butu, mkazo mdogo, meno yasiyosetiwa sawasawa, au kasi kubwa kuliko uwezo wa injini. Bledi ikipanda kila inapokutana na fundo, kagua kwanza ukali na pembe. Ikivutwa upande mmoja tangu mwanzo wa gogo, huenda meno ya upande huo yamepindwa zaidi, au roli za kuongozea bledi zimepoteza mstari. Roli hizo huikandamiza bledi chini kwa milimita 6 hivi, na zikichakaa hakuna kunoa kutakakosaidia.

Msindano una utomvu unaoganda kwenye bledi na magurudumu. Maji yenye sabuni kidogo, yakidondoka polepole juu ya bledi, hulitatua tatizo hili. Kazi ikiisha mkazo ulegezwe, kwa sababu bledi iliyoachwa imekazwa usiku kucha, kisha ikapoa, huchoka bure na kuyaumbua magurudumu yenye mpira.

Adui mwingine ni uchafu. Gogo lililoburuzwa kwenye udongo hubeba mchanga katika gome lake, na mchanga huua makali kwa dakika chache. Kulimenya au kulisafisha upande ambao jino linaingilia ni kazi ndogo yenye faida kubwa. Miti ya uani huficha misumari, waya za kuanikia nguo na vyuma vya kutundikia mizinga, vilivyomezwa na mti miaka mingi iliyopita. Doa jeusi au la bluu kwenye ncha ya gogo ni dalili ya chuma ndani. Mvule una hatari yake ya asili, kwani ndani yake hujengeka mawe ya chokaa yanayong'oa meno ya msumeno.

Kuiweka na kupasulia

Mashine husimikwa mahali pakavu, kando ya mteremko mdogo, ili magogo yabingirishwe kuelekea kitandani, yaani kwenye fremu inayobeba gogo, badala ya kunyanyuliwa. Miguu hukalishwa juu ya vipande vya mbao nene na kitanda hupimwa kwa pima maji na uzi. Baada ya kila safari barabarani kipimo hurudiwa na bolti hukazwa upya. Kitanda kilichopinda hutoa mbao zilizopinda, na bledi ndiyo itakayolaumiwa.

Gogo lina ncha nene na ncha nyembamba. Ile nyembamba huinuliwa kidogo ili moyo wa mti uwe sambamba na kitanda, kisha gogo hugeuzwa na kukatwa pande zake kwa zamu. Kwa mkaratusi kugeuza huku ni lazima. Mti huo unapokua hujijengea mvutano ndani, na ukikatwa upande mmoja mfululizo, mbao hujikunja kama upinde zikiwa bado kitandani. Upasuliwe mapema baada ya kuangushwa, kabla ncha hazijapasuka zenyewe. Msindano nao hauvumilii kusubiri, kwani katika joto na unyevu huingiwa na doa la bluu la ukungu ndani ya siku chache. Moyo wa msindano mchanga usiachwe ukingoni mwa mbao nyembamba, kwa kuwa hujipinda ukikauka.

Injini huhitaji mambo ya kawaida ambayo vumbi la mbao huyafanya ya haraka: kichujio cha hewa kusafishwa kila siku, mapezi ya kupoozea kupulizwa, mafuta kubadilishwa kwa kufuata saa zilizoandikwa kwenye kitabu chake, belti na beringi kukaguliwa. Daftari la saa za kazi ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachokosekana kwenye mashine nyingi.

Makubaliano na mwenye magogo

Malipo huhesabiwa kwa ubao, kwa mita ya ujazo, kwa saa, au kwa kugawana mbao. Kulipwa kwa ubao humshawishi mpasuaji kukimbilia idadi, na kulipwa kwa saa humtia mteja wasiwasi. Kwa kazi ya oda, mita ya ujazo ya mbao zilizotoka ndicho kipimo cha haki zaidi, maana humlipa mpasuaji kwa kila kinachookolewa.

Yafaa kuandika mapema orodha ya vipimo na idadi, nani analipa bledi ikikutana na msumari, nani analeta mafuta, na mabanzi na pumba ni vya nani. Hili la mwisho si dogo. Mabanzi hujenga uzio na mabanda, huwaka jikoni na kwenye tanuri za matofali; pumba hutandikwa kwenye mabanda ya kuku. Gogo la ubao wa futi 12 likatwe likiwa na ziada ya sentimita kadhaa, na unene uongezwe milimita 2 au 3 kwa ajili ya kusinyaa. Sokoni zimejaa mbao zinazoitwa mbili kwa nne ambazo hazifikii kipimo hicho hata zikiwa mbichi. Anayeagiza mbao zake mwenyewe ana haki ya kipimo kamili, na mpasuaji anayempunja anajiharibia jina.

Nchini Tanzania mazao ya misitu husimamiwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mpasuaji aone kibali cha uvunaji kabla ya kuwasha injini, na mbao zisitoke bila hati ya kusafirishia. Hata kwa miti ya kupanda, aulize kwanza ofisi ya misitu ya wilaya. Kwa misitu ya asili ya vijiji, mashine hii ina maana ya pekee. Wilayani Kilwa, ambako vijiji viliingia katika cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009 kupitia shirika la MCDI, hukua mpingo, mninga na mkongo, mbali na barabara za malori. Kijiji kinachouza mti uliosimama humwachia mnunuzi thamani yote ya kupasua. Kinachouza mbao huibakiza nyumbani.

Usalama

Injini izimwe kabla ya mkono kugusa bledi, hata kwa kutoa kibanzi. Bledi hukunjwa na kukunjuliwa kwa glavu na miwani, watu wengine wakiwa mbali, kwani hufyatuka. Hakuna anayesimama upande wa chini gogo linapobingirishwa, wala mbele ya mstari wa bledi inapozunguka. Masikio yazibwe, pua ifunikwe, nguo zisining'inie. Wakati wa kiangazi pumba huondolewa chini ya bomba la moshi, na ndoo za maji huwekwa karibu. Dingidongi isiyo na kinga isikubaliwe mahali popote. Bamba la chuma la kufunika msumeno hugharimu kidogo kuliko matibabu ya kidole kimoja.

Baada ya kupasua

Mbao hupangwa siku hiyohiyo, juu ya magogo yaliyo sawa, zikitenganishwa kwa vijiti vya inchi moja vilivyopangwa wima kimoja juu ya kingine, kila sentimita 50 hivi. Juu huwekwa uzito na paa la kuzuia mvua na jua kali. Mbao nzuri zilizorundikwa hovyo huharibika ndani ya wiki moja, na kazi yote ya bledi kali na kipimo sahihi hupotea.

Kwa anayetaka kununua mashine, ushauri ni kutoimaliza bajeti kwenye mashine yenyewe. Atenge fedha za bledi za kutosha kubadilishana, mashine ya kunolea na kifaa cha kusetia meno, kisha atafute mafunzo kabla ya kutafuta wateja. Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichopo Moshi kinafundisha kazi hii, na Mafinga nako kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao. Asiyeweza kugharimia kinoo leo asubiri, aendelee kuweka akiba, na anunue vyote kwa pamoja.