Unaikumbuka TV ya Chenga? Stori ya Stesheni Ndogo Zilizozimwa Moja Moja

Wewe uliyezaliwa ukapata Netflix iko, tulia kidogo nikupe stori. Kulikuwa na wakati kucheki TV ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anapanda juu ya mabati kuzungusha antena, mwingine anabaki kwa dirisha akipiga nduru: "Hapo hapo! Usiguse! Zii, imeenda tena!" Ukibahatika unapata picha safi kabla upepo uvume. Usipobahatika unacheki chenga na kuskia sauti tu, picha unajijazia kwa akili.

Sasa fikiria stesheni yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka. Camera ni moja. Mtangazaji ndiye fundi, na mchana ndiye anazunguka kwa wenye maduka akiomba matangazo. Mawimbi yake yanaishia pale mji unaishia. Ukivuka daraja, kwisha.

Marekani walikuwa na mamia ya stesheni za hivyo. Ziliitwa LPTV, yaani TV za nguvu ndogo, na hadi leo kuna watu wazima wanazikumbuka vile wewe unakumbuka chapo za nyanyako. Hii ndio stori yao, na pia ya vile zilinyanyaswa, kwa sababu hizo stori mbili huwezi kuzitenganisha.

Wasee wa Lanesville

Kabla sheria iwaruhusu, kuna wasee walijiruhusu. Walijiita Videofreex. Hii mbogi ilizaliwa 1969, baada ya wawili wao kupatana kwa ile tamasha ya Woodstock wakiwa wamebeba camera za video. CBS, stesheni kubwa ya kitaifa, iliwapa doo watengeneze kipindi cha vijana. Wakazunguka nchi wakirekodi, na kati ya watu waliohoji ni Fred Hampton wa Black Panther kule Chicago, muda mfupi kabla polisi wamuue Desemba ya huo mwaka. Wadosi wa CBS kucheki kazi, wakakataa. Ilikuwa moto sana kwao.

Wakahama jiji, wakaingia kwa nyumba kubwa nzee huko Lanesville, kijiji kidogo kwa milima ya Catskill, jimbo la New York. Wakawa na mtambo mdogo wa kurusha mawimbi, ulionunuliwa kwa doo za Abbie Hoffman, yule mwanaharakati mtukutu. Machi 1972 wakaanza kurusha TV bila leseni yoyote.

Hapo kijijini milima ilikuwa inaziba stesheni kubwa, kwa hivyo watu hawakuwa na mengi ya kucheki. Lanesville TV ikawapa majirani zao wenyewe kwa skrini: stori za barabarani, michezo ya kuigiza ya cowboy, watu wa mtaa wakibonga. Wakati kipindi kiko hewani unaweza kupiga simu na kusema lolote, na moja ya vitu walikuwa wanauliza wapigaji ni kama picha inafika poa. Yaani mtazamaji ndiye alikuwa mita ya kupima mawimbi! Waliendelea hivyo miaka kama mitano, na vipindi vikapita 250. Serikali haikuwahi kuja kuwafunga. Doo na nguvu ndizo ziliisha.

Leseni kwa bahati nasibu

Mwaka wa 1982 FCC, ile tume inayosimamia mawimbi Marekani, ikaruhusu rasmi stesheni za nguvu ndogo. Mtambo wa VHF kwa kawaida ulipewa wati 10. Ndio, kumi. Bulbu ya zamani ya sitting room ilikula 60. Kwa UHF mtambo uliruhusiwa hadi wati 1,000. Miaka ilivyosonga viwango vikapanda, lakini pengo likabaki: leo kwa dijitali ya UHF stesheni ndogo mwisho wake ni kilowati 15, na kubwa inaweza kufika 1,000.

Watu walituma maombi kama wameskia kuna mashamba ya bure. Maelfu kwa maelfu, hadi FCC ikalazimika kusimamisha zoezi. Ilipokuja kugawa, wale waliokuwa wanang'ang'ania channel moja wakaamuliwa kwa bahati nasibu. Si mchezo wa maneno, kura ilipigwa kweli. Unaweza kuwa umejipanga miaka miwili, halafu mtu mwingine anaokotewa jina na wewe unarudi kuuza viatu.

Hata majina yao yalikuwa ya kuchekesha. Stesheni kubwa zilikuwa na herufi tamu za kukumbukwa, hizi ndogo zilipewa kitu kama namba ya gari. Mfano ni K26AC ya Bemidji, Minnesota. Hiyo 26 ni channel, na herufi zilizobaki ni kama foleni ya usajili. Jaribu kuitangaza hiyo kwa radio.

Na walionyesha nini? Mechi za shule ya upili, zile zenye mzazi wa golikipa anaskika akipiga kelele nyuma. Mikutano ya baraza la mji. Mahubiri, mengi sana. Filamu nzee za bei ya chini usiku wa manane. Kwa miji mikubwa, jamii ambazo stesheni kubwa hazikuwa na time nazo ndizo zilishika hizi channel: Kihispania hasa, na lugha zingine za wahamiaji. Kama mathe yako ametoka nchi nyingine na hajui Kiingereza, hiyo channel ya chenga ndiyo ilikuwa inambonyeza habari za nyumbani.

Ndio, vipindi vingine vilikuwa vibaya. Vibaya sana. Nisikudanganye eti kila kitu kilikuwa dhahabu. Lakini ubaya wake ulikuwa wa mtu unayemjua, na hiyo ni tofauti na ubaya unaotumwa kutoka jiji.

Hollywood yenyewe iliwatania. Mwaka wa 1989 "Weird Al" Yankovic alitoa filamu inaitwa UHF, kuhusu jamaa anayeachiwa stesheni ya UHF inayokufa, U-62, na kuijaza vituko hadi inashinda ile kubwa ya mji. Kitu cha kushangaza: mwaka uliofuata, 1990, KTN ilianza hapa Nairobi kama TV ya kwanza isiyo ya serikali, ikishika jiji na viunga vyake tu. Channel yake? UHF 62. Wala hawakuambiana.

The Box: ngoma unalipia, mtaa mzima unacheki

Hii ndio sehemu utapenda. Kabla YouTube, kabla ile SMS ya salamu inayopita chini ya skrini, kulikuwa na The Box. Ilianza Miami mwishoni mwa 1985 ikiitwa Video Jukebox Network, na ilienea kwa kebo na kwa stesheni nyingi za nguvu ndogo.

Mambo yalienda hivi. Kwa skrini kuna orodha ya video za muziki, kila moja na namba yake. Unachukua simu ya nyumbani, unapiga namba ya kulipia, unabonyeza ile ya ngoma yako. Bili inaingia kwa simu ya buda, na hapo ndipo ngori ya nyumbani ilikuwa inaanzia mwisho wa mwezi. Halafu unangoja. Ngoma za wengine zinapita kwanza. Ikifika yako, eneo lote linaicheki pamoja na wewe, watake wasitake.

Tena kila eneo lilikuwa na mashine yake. Kwa hivyo Box ya mji mmoja haikufanana na ya mji mwingine. Mahali watoto walipenda rap, ilikuwa rap asubuhi hadi asubuhi. Hii ni wakati MTV ilikuwa bado inajivuta na hip hop, Yo! MTV Raps ilikuja 1988. Video ambazo MTV ilikataa kwa sababu ni chafu sana au wasanii hawajulikani zilipata makao kwa The Box. Hakuna mdosi wa kukubembeleza pale. Kama kuna watoto wa kutosha wenye simu, umeingia.

Mwaka wa 1999 wenye MTV wakainunua. Januari 1, 2001, waliowasha The Box wakapata MTV2. Orodha imeenda, namba imeenda, na anayechagua ngoma sasa ni mtu mwingine.

Abiria wa sambaza

Sasa tuingie kwa machungu. Unajua ile mbao ya sambaza kwa matatu? Unalipa nauli, lakini kila mtu akishuka unasimama, na polisi wakionekana wewe ndiye unaambiwa uiname. Sheria ya LPTV ilikuwa hivyo. Ziliwekwa daraja la pili. Stesheni kubwa ikikuingilia, unanyamaza. Wewe ukiiingilia, unahama au unazima. Kubwa mpya ikitaka channel yako, inachukua. Hata ukiwa umekaa hapo miaka ishirini.

Mwaka wa 1999 Bunge lao likaokoa baadhi kwa kuzipa daraja linaloitwa Class A, lenye ulinzi. Masharti: uwe hewani angalau saa 18 kwa siku, na angalau saa tatu kwa wiki ziwe vipindi vilivyotengenezwa hapo mtaani. Waliofaulu walipona. Wengi walibaki kwa mbao.

Halafu dijitali ikaja. Juni 12, 2009, stesheni zote kubwa za Marekani zilizima analogi. Ndogo ziliruhusiwa kuendelea na analogi kwa muda, na hapo ukisoma haraka utadhani ni huruma. Cheki vile ilienda. Serikali iligawa kuponi za dola 40 ili watu wanunue boksi za kugeuza mawimbi. Lakini boksi nyingi zilishika dijitali tu. Analogi hazikuipitisha kwa TV. Yaani raia anapewa doo za serikali kununua kifaa kinachomfungia stesheni ya mtaa wake, na stesheni yenyewe iko hewani, inarusha, inalipa stima, hakuna anayeiona. Chama chao, Community Broadcasters Association, kilienda kortini kupinga. Kilishindwa, na 2009 hiyo hiyo kikafunga ofisi.

Waliobaki wakakutana na mnada. Mwaka wa 2016 na 2017 FCC iliuza sehemu ya mawimbi ya TV kwa kampuni za simu, ikapata karibu dola bilioni 19.8. Stesheni kubwa na za Class A ziliweza kuuza nafasi zao zikaomoka. LPTV za kawaida? Hazikuruhusiwa kuuza chochote, kwa sababu kwa sheria hawakuwa na kitu cha kuuza. Nyingi zikaambiwa tu zitafute channel nyingine. Mwaka wa 2018 Bunge likatenga hadi dola milioni 150 kuzisaidia gharama za kuhama, na kwa waliokuwa wameshafunga, hiyo ni kuletewa mwavuli mvua ikiwa imeisha.

Julai 13, 2021, analogi ya stesheni ndogo nayo ikazimwa, isipokuwa Alaska walioongezewa miezi kidogo.

Kuna wajanja lakini. Sauti ya channel 6 ya analogi ilikuwa inakaa 87.75 kwa masafa, pembeni kabisa ya FM, kwa hivyo radio ya gari ilikuwa inaishika. Wasee wakagundua wanaweza kuweka picha yoyote ya kuzubaisha kwa skrini na kuendesha stesheni ya radio kwa leseni ya TV. Watu waliziita Franken-FM. Chicago moja inacheza ngoma za zamani na ina mashabiki wake wa kweli. Mwaka wa 2023 FCC ilikubali 14 za aina hiyo ziendelee. Ukiniuliza, hiyo ni hustle safi.

Na sisi je?

Unakumbuka Februari 2015. KTN, NTV, Citizen na QTV zilizimwa wakati wa ule mvutano wa kuhamia dijitali, na kwa karibu wiki tatu ukiwasha TV unapata kimya. Zile zilikuwa kubwa, zilikuwa na mawakili, na zilirudi. Baada ya hapo mambo ya Kenya yakachukua njia tofauti na ya Marekani: mtambo mmoja wa dijitali unabeba channel nyingi, kwa hivyo stesheni ndogo haihitaji mlingoti wake, inakodisha nafasi kwa wenye mitambo kama Signet au PANG. Ndio maana boksi yako imejaa channel ambazo hujawahi kujua ni za nani. Kuingia kumekuwa rahisi. Kulipa kodi ya kila mwezi ndio ngoma, na ukishindwa, unatolewa hewani na mtazamaji anadhani ni boksi yake imeharibika.

Ya kusikitisha zaidi kwa zile za zamani ni kanda. Kanda ilikuwa bei, kwa hivyo wengi walirekodi mechi ya wiki hii juu ya mechi ya wiki jana. Videofreex walihifadhi zao, na ziko kwa maktaba ya Video Data Bank huko Chicago. Kuna pia filamu ya 2015 kuwahusu, Here Come the Videofreex. Itafute wikendi hii ukiwa na bundles za kutosha, ucheki watu wa kijiji kimoja wakijitazama kwa TV na kucheka.