Fahamu: Jinsi chupa ya Coca-Cola ilivyopata umbo lake

Fumba macho, ushikishwe chupa ya kioo ya Coca-Cola. Utaitambua hata bila kusoma jina. Ndivyo wenyewe walivyotaka tangu mwaka 1915.

Walichoka kuigwa

Wakati huo Coca-Cola nchini Marekani ilijazwa kwenye chupa zilizonyooka, karibu sawa na za soda nyingine. Wajanja wakaingia sokoni na majina kama Koka-Nola na Toka-Cola. Lebo za karatasi nazo zilibanduka kwenye ndoo za maji ya barafu, mteja asijue kashika ipi.

Aprili 1915, wajazaji wa soda hiyo walitenga hadi dola 500 kutafuta chupa mpya. Sharti: itambulike kwa kuguswa gizani, au hata ikiwa imevunjika chini.

Kampuni ya Root Glass ya Terre Haute, Indiana, ndiyo ilishinda. Mchoraji wake, Earl Dean, alichukua umbo la tunda la kakao, ingawa soda hiyo haina kakao.

Kalibu ya kwanza ilikataa

Chupa ya majaribio ilikuwa na tumbo pana kuliko kitako, ikayumba kwenye mkanda wa mashine. Ilibidi ipunguzwe unene ndipo iingie sokoni mwaka 1916.

Kalibu inafanyaje kazi?

Kalibu, au moldi kama mafundi wengi wanavyoiita, ni vipande viwili vya chuma vinavyofungwa pamoja. Kioo cha moto huwekwa ndani, kisha hewa hupulizwa hadi kioo kibane kwenye kuta. Mchongo wowote uliomo ndani hutokea kwenye kila chupa. Jina la namna hiyo halibanduki.

Mwaka 1960, umbo lenyewe la chupa hiyo lilisajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara.

Unataka chupa yako mwenyewe? Zingatia haya

- Idadi: Gharama ya kalibu unailipa kabla ya chupa ya kwanza kutoka. Inalipa ukizalisha nyingi. Kama bado unauza kidogo, chupa ya kawaida yenye lebo imara inatosha.
- Sampuli: Ijaribu kwenye mashine ya kujazia, kwenye kreti na kwa kifuniko chake kabla ya kuagiza mzigo mzima.
- Mkataba: Iandikwe kalibu ni ya nani, itatunzwa wapi, na kwamba kiwanda hakitaitumia kwa mteja mwingine. Usipoandika, umbo lako linaweza kuonekana dukani likiwa na jina la mtu mwingine.
- Usajili: Ulizia mapema, bidhaa ikiwa bado haijatoka. Tanzania nenda BRELA, Kenya nenda KIPI.

Lebo ya karatasi mtu anaweza kuichapisha mtaani kwa siku moja. Kuchonga kalibu kunamtaka atoe hela nyingi na asubiri.