Robert Desnos: Mshairi Katika Kazi ya Matangazo ya Biashara

Wahakiki wengi huiona kazi ya kutunga matangazo ya biashara kuwa fedheha kwa mshairi, kwani huko, wasema, neno huuzwa. Maisha ya Robert Desnos, aliyezaliwa Paris tarehe 4 Julai 1900, yanadai hukumu hiyo ichunguzwe upya.

Tangu 1922 Desnos alisifika miongoni mwa Wasurealisti kwa kunena mashairi akiwa kama mtu aliyelala. Baada ya kufarakana na kiongozi wao, André Breton, alijipatia riziki kwa uandishi wa magazeti, kisha akaingia redioni pamoja na Paul Deharme, mtengenezaji wa matangazo. Tarehe 3 Novemba 1933 redio ilirusha utungo wake La Complainte de Fantômas, wenye muziki wa Kurt Weill, huku Antonin Artaud akiwaongoza waigizaji. Utungo huo, ulio miongoni mwa kazi zake mashuhuri, ulikusudiwa kutangaza hadithi ya mfululizo ya gazeti Le Petit Journal.

Msikilizaji wa redio hana ukurasa wa kurudia: neno lisiponaswa na sikio papo hapo, limepotea. Katika maelezo yaliyoambatana na diwani yake État de veille (1943), Desnos mwenyewe alikiri kwamba kutunga misemo ya matangazo na kuoanisha maneno na muziki kulimrejesha kwenye kanuni za mahadhi ya umma. Mjuzi wa ushairi wa Kiswahili, ambao vina na mizani yake huitumikia kumbukumbu, hatastaajabu.

Wajerumani walipoikalia Ufaransa, ufundi huo ulipata wajibu mwingine. Mwaka 1942 Desnos alijiunga na mtandao wa upinzani ulioitwa Agir, akatunga kwa majina bandia mashairi yaliyosambazwa kwa siri. Shairi la namna hiyo lilihitaji kushikika moyoni, kwa kuwa karatasi yake ingeweza kumponza aliyeibeba. Gestapo walimkamata tarehe 22 Februari 1944. Alihamishwa kambi hadi kambi, akafariki Terezín tarehe 8 Juni 1945, mwezi mmoja tu baada ya ukombozi.

Chantefables, mashairi yake ya watoto yaliyochapishwa mwaka 1944, yangali yakikaririwa katika shule za Ufaransa. Bidhaa alizozisifu redioni zimesahaulika. Sikio alilolinoa kwa kuzisifu ndilo lililomwachia urithi huo.