Uzito Ulisahihishwa, Jina Likabaki: Dirii na Panga katika Dungeons & Dragons, 1974–2014

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo wachezaji huigiza wahusika wa kubuni na mapigano huamuliwa kwa dadu. Kanuni zake za vita zilitokana na Chainmail, kijitabu cha 1971 cha Gygax na Jeff Perren. Mijadala kuhusu uhalisia wa silaha za mchezo huu kwa kawaida huishia kwenye kilo na pauni. Makala haya yanashikilia kwamba kosa lililo gumu zaidi kung'oka ni la istilahi, na kwamba ni la kale kuliko mchezo wenyewe.

Neno la Kiingereza "mail" lilitokana na maille la Kifaransa, nalo likatokana na macula la Kilatini, yaani tundu la wavu. Peke yake, basi, lilitosha kutaja vazi la pete za chuma zilizounganishwa. Francis Grose, katika kitabu chake cha 1786 kuhusu silaha za kale, alilitumia pamoja na "chain", mnyororo. Kisha, mwaka 1824, Samuel Rush Meyrick akachunguza sanamu za makaburini, mihuri na michoro. Alipoona kila msanii ameonyesha pete kwa namna yake, alihitimisha kwamba kila namna ya kuchora iliwakilisha aina tofauti ya vazi. Hivyo ndivyo dirii "ya mikanda" ilivyoingia vitabuni, ingawa hakuna mhunzi anayejulikana kuifua. Wataalamu wa karne ya 20, akiwemo Claude Blair, waliuacha uainishaji huo.

Mchezo haukuuacha. Toleo la 1974 lilikuwa na aina tatu tu: ngozi, pete na mabamba. Players Handbook ya 1978 ilizifikisha tisa, na miongoni mwake imo ile ya mikanda na ile ya ngozi iliyopigwa misumari. Hii ya pili inaelekea kuwa tafsiri potofu ya brigandini, vazi ambalo kwa nje huonyesha vichwa vya ribiti tu, hali mabamba ya chuma yamefichwa ndani. Mchoraji alionyesha alichokiona. Msomaji wa baadaye akalipoteza bamba.

Katika kitabu hicho uzito ulihesabiwa kwa sarafu, 10 kwa kila pauni. Upanga mrefu ulipewa sarafu 60, takriban kilo 2.7, ule wa mikono miwili 250, yaani zaidi ya kilo 11. Panga halisi za vita za mikono miwili kwa kawaida zilikuwa kati ya kilo 2 na 3.5. Ni kweli kwamba kanuni zilikusudia tarakimu hizo zijumuishe pia usumbufu wa kubeba, lakini wasomaji wengi walizisoma kama mizani. Ajabu ni kwamba vazi la mabamba, kwa kilo 20 hivi, lilikaribia sana ukweli wa karne ya 15.

Kufikia toleo la 2014 upanga mrefu ulikuwa pauni 3 na ule mkubwa pauni 6, tarakimu ambazo mtunza makumbusho angezikubali. Dirii ya mikanda pia iliondoka. Ngozi ya misumari imebaki. Upanga unaweza kupimwa na kosa likaonekana. Jina halina mizani.

Kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili jambo hili si la mchezo. Tunalo neno dirii, lililotoka Kiarabu, ambako asili yake ni vazi la pete. Na wasomaji wa Qurani wanajua kwamba katika Sura ya 34 Nabii Daud anaamrishwa kupima sawasawa uunganishaji wake. Matumizi ya Biblia yameliendeleza hadi likabeba kinga yoyote ya kifuani. Mfasiri wa vitabu vya michezo, filamu au maelezo ya makumbusho akikutana na "chain mail", dirii ya pete inamtosha. Dirii ya mnyororo ingeingiza katika lugha yetu urudiaji wa Kiingereza. Kwa "studded leather" ugumu ni mkubwa zaidi. Katika kitabu cha mchezo atalazimika kutafsiri ngozi ya misumari, kwa kuwa ndicho kitu kilichobuniwa humo. Katika kibandiko cha makumbusho, maneno hayohayo yatakuwa kosa.